Mkalimani Mwenye Sauti ya Bosi

Saiba niliyofanyia kazi, duka la kompyuta na uchapishaji, ilikuwa Makadara, hatua chache kutoka mahakamani, na wateja wetu wengi walikuja wakiwa na wasiwasi usoni. Hakuna mtu anayekuja kuchapisha hati ya kiapo kwa raha zake. Kuanzia saa moja asubuhi watu walijazana mlangoni, kila mmoja na bahasha yake, kila mmoja akiapa kwamba kesi yake ndiyo ya kwanza. Ikifika saa tatu, mahakimu wakishaketi, wote walitoweka kwa pamoja. Bosi naye alikwenda kunywa chai. Nilibaki peke yangu na mashine sita.

Hakuna mbili zilizofanana. Bosi alizinunua moja moja, kila moja kutoka ofisi iliyokuwa ikifunga, kwa hiyo kila moja ilikuwa na tabia za ofisi yake ya zamani. Ya sita nadhani ilinizidi umri. Ilikuwa na skrini nyeusi, maandishi ya kijani, na haikujua kipanya ni nini. Ilihifadhiwa pembeni kwa sababu ndiyo pekee iliyosikizana na ile printa ya sindano, inayopiga kelele kama cherehani na kutoa fomu za nakala tatu.

Ukutani palibandikwa karatasi ya sheria. Sheria ya tatu ilisema: USIWEKE KITU CHOCHOTE KWENYE MASHINE ZANGU. Mfanyakazi aliyenitangulia aliweka mchezo wa mpira, mchezo ukaleta virusi, virusi vikala hati za wakili mmoja asubuhi ya kesi yake. Bosi hakulisahau jambo hilo, na kila wiki alinisimulia upya kana kwamba ni mimi niliyeweka.

Shida ni kwamba wakati huo nilikuwa najifunza kuandika programu, na laptopu yangu ilikuwa imekunywa chai ya dadangu, haikuamka tena. Lugha za programu nilizozijua zilitaka kuwekwa kwenye mashine kwanza, zijitandaze, ziache alama kila mahali. Nikasimama mbele ya ile karatasi nikaisoma kama wakili. Imesema usiweke. Haijasema usibebe. Kitu kikikaa ndani ya flashi, na flashi ikiwa shingoni mwangu, kikifanya kazi bila kuacha hata unyayo, nani ataniambia nimeweka?

Hivyo ndivyo nilivyoanza kutengeneza lugha yangu mwenyewe. Ilikuwa hoja ya kijanja tu, lakini ilinitosha.

Nieleze kidogo. Lugha ya programu ni maneno machache na kanuni zake. Kinachoipa uhai ni programu nyingine, inayosoma maagizo uliyoandika, mstari baada ya mstari, na kuyatekeleza papo hapo. Ukiandika "sema 5 + 2", yenyewe inakuandikia saba. Kwa Kiingereza huitwa kwa jina lile lile la mtu anayesimama kando ya kizimba akifasiri maneno ya shahidi. Kwa vile tulikuwa jirani na mahakama, nikaiita mkalimani, na jina likakaa.

Nilitaka mkalimani awe mdogo, aingie kwenye flashi na kubakisha nafasi, na awe tayari kufanya kazi kwenye mashine zote sita bila kulalamika. Niliandika kwa daftari stima ikipotea, na kwa mashine ikirudi. Tano zilimkubali baada ya wiki kadhaa za kubembelezwa. Ya sita ilinitoa jasho: haikuwa hata na tundu la flashi, ikabidi nimbebee kwenye diski ya zamani. Nilimwambia mkalimani ahesabu kuanzia moja kwenda juu. Akahesabu vizuri sana hadi elfu thelathini na mbili na kitu, kisha akageuka ghafla akaanza kuhesabu hasi, kama mtu aliyefika Jogoo Road akakumbuka ameacha pasi ikiwaka. Ilikuwa mashine ya zamani. Namba kubwa kuliko hiyo hazikumtosha kichwani. Nilimfundisha kubeba namba kwa vipande viwili badala ya kimoja. Siku alipovuka mpaka ule bila kugeuka nilipiga makofi peke yangu, na mzee mmoja aliyekuwa akisubiri fomu yake akanipongeza bila kujua kwa nini.

Mtu wa kwanza kumsoma mkalimani wangu alikuwa mkalimani wa kweli.

Alikuwa mteja wetu wa saa saba, mahakama ilipokwenda mapumziko. Mama wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Majengo kule Pumwani, mtandio umekaa sawasawa, miwani ya kusomea ikining'inia kwa kamba. Alifasiri lugha tano mahakamani na nyingine mbili alizozitumia kugombana tu. Siku moja alikuja kuchapisha kazi za shule za wajukuu wake. Nilipokuwa nahangaika na printa, yeye aliinama kwenye mashine ya pili, akavaa miwani.

"Binti, nani ameandika hiki Kiswahili?"

"Ni mimi, mama."

Akasoma kwa sauti ya kizimbani: "'Hitilafu ya kisintaksia. Mabano hayajafungwa.' Tangu uzaliwe, kuna mtu amewahi kukukaripia hivyo?"

"Hapana."

"Basi huyu anamkaripia nani?"

Nikamweleza kazi yenyewe, na nilipotaja neno mkalimani akavuta kiti. Aliniomba ajaribu. Akaandika kwa kidole kimoja: sema mbuzi. Skrini ikajibu: 0.

"Mbuzi ni sifuri?"

"Ni neno asilolijua, mama. Asilolijua analichukulia kuwa sifuri, ili asikwame, aendelee mbele."

Akavua miwani. "Basi ni mwongo huyo."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Sikiliza," akasema. "Nilipokuwa mgeni kazini, shahidi mmoja alisema jirani yake aliazima mkokoteni. Alitumia neno la kwao, sikulijua. Niliona haya kusema sijui, hakimu ananitazama, watu wamejaa. Nikakisia. Nikasema aliiba. Bahati nzuri yule shahidi alikuwa na Kiingereza kidogo, akaruka pale kama amekanyaga moto. Mshtakiwa alinitazama, mwanangu, mpaka leo naweza kukuchorea macho yake. Tangu siku hiyo neno likinishinda nasema: mheshimiwa, sikulielewa, naomba arudie. Na huyu wako afundishwe hivyo hivyo."

Jioni hiyo, kabla ya kufunga, niliifuta ile sifuri. Tangu hapo mkalimani akikutana na neno asilolijua, alisimama palepale, akalitaja, akasema halijui. Ilikuwa mistari minne tu. Nusu ya programu zangu zikakataa kwenda, na nilipozikagua nikakuta kweli zilikuwa na makosa ambayo sifuri zilikuwa zikiyafunika kimya kimya.

Baada ya hapo mama alikuja kila saa saba, hata bila kitu cha kuchapisha. Akishamaliza kula akafuta mikono, tunaanza kubishana. Tulibishania maneno. Mimi nililelewa Kaloleni, nilitaka lugha yenye ladha ya mtaa. Mahali pa "sema" nilitaka "bonga".

"Bonga ni ya kina babako," akasema. "Wajukuu wangu wakisikia bonga wananiuliza kama nilikuwa kwenye picha za zamani."

"Basi tuulize wajukuu wanasemaje."

"Ukiwauliza leo, Jumatatu watakuwa wamebadilisha. Na wa Majengo hawasemi kama wa Kaloleni. Utamfuata nani?"

Alikuwa amesema kweli, na ilinisumbua siku mbili. Mwishowe nikayatoa maneno yote nje ya mkalimani, nikayaweka kwenye faili ndogo ya kando, kama orodha ya sokoni. Mtu angeweza kuifungua na kuandika maneno ya kwao, na mkalimani angeisoma kabla ya kuanza kazi. Makaripio nayo niliyaweka humo humo. Tukawa na faili ya Kaloleni, na faili ya Majengo aliyoitunga mama, ambayo makaripio yake siwezi kuyaandika hapa.

Halafu nikatengeneza ya tatu.

Lazima nieleze bosi alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mtu mrefu kutoka Murang'a, mzee wa kanisa, suti ya kijivu hata kukiwa na jua la kukausha samaki. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na karipio kwa kila jambo, na makaripio yake yalikuwa yamepigwa pasi, hayabadiliki hata neno. Ukiacha mlango wazi: "Kwenu hakuna milango?" Ukiuliza swali ambalo hakulitegemea: "Ukija hapa njoo umejipanga." Ukijaza meza makaratasi: "Hapa si godauni." Kwa miaka miwili niliyasikia kila siku, na bila kukusudia nilikuwa nimeyahifadhi.

Faili iliandikika yenyewe. Neno lisilojulikana: "Ukija hapa njoo umejipanga." Mabano yaliyofunguliwa bila kufungwa: "Kwenu hakuna milango?" Nafasi ikijaa: "Hapa si godauni." Kwenye kugawa namba kwa sifuri, jambo lisilowezekana kwa hesabu, niliweka lile alilomwambia karani mmoja aliyetaka kutumia mashine mbili kwa wakati mmoja: "Fikiria kwanza, kichwa si cha kofia." Programu ikienda vizuri, mkalimani hakusema kitu. Bosi naye alikuwa hivyo.

Mama alipomwona mkalimani akiwa na faili hiyo alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, na watu waliokuwa wakisubiri hati za kiapo wakaanza kucheka naye bila kujua sababu. Kwa kweli watu wale walihitaji kicheko kuliko sisi.

Sasa siku yenyewe. Bosi alikuwa na barua ya kumwandikia mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya kanisa, na aliona barua nzito namna hiyo haiandikwi kwa njaa. Akanituma soko la Burma nikamletee nyama choma. "Kabla hujaenda, nifungulie ukurasa wa kuandikia," akasema. Nikamfungulia kwenye mashine ya pili, nikakimbia. Yeye akaketi kwenye ya kwanza, kwa sababu kiti cha pale ndicho kilichokuwa na mto. Na kwenye ya kwanza, flashi yangu ilikuwa imechomekwa, mkalimani yuko wazi, amevaa faili ya tatu.

Yaliyotokea nisipokuwepo alinisimulia mama, aliyekuwa ameketi karibu na mlango akisubiri printa. Alinisimulia kwa utaratibu, neno kwa neno, kama anavyofanya kazini.

Bosi aliandika: Mpendwa Mwenyekiti.

Skrini ikajibu: "Neno Mpendwa silijui. Ukija hapa njoo umejipanga."

Bosi akatazama nyuma. Hakuna aliyesimama hapo. Akafuta miwani, akaandika tena, kwa herufi kubwa safari hii, kwa sababu huenda mashine haikusikia vizuri. Ikamjibu vilevile. Akaandika: WEWE NI NANI. Ikasema: "Neno WEWE silijui. Ukija hapa njoo umejipanga." Akaandika kwamba yeye ndiye mwenye saiba, na kwamba hawezi kuongeleshwa hivyo kwenye mali yake, na kwa hasira kidole chake kikagonga alama ya mabano mwanzoni, asiyafunge. Ikamuuliza kama kwao hakuna milango.

"Na wewe hukumwambia kitu?" nilimuuliza mama baadaye.

"Sikuulizwa," akasema.

Nilirudi na nyama kwenye karatasi, mafuta yakipenya, nikakuta bosi amesimama. Alikuwa ametoa mikono kwenye kibodi na kuiweka kifuani. Alikuwa amegombana na ile mashine kwa dakika kumi, na mwishoni mwa hizo dakika kumi akawa ameitambua sauti.

"Haya maneno ni yangu," akasema.

Niliweka nyama mezani. Ningeweza kusingizia virusi. Nilifikiria virusi, kusema kweli, nikafikiria hata kumtaja yule wa kabla yangu. Lakini flashi ilikuwa na utepe wangu mwekundu.

"Ndiyo, mzee. Ni mimi."

Akaelekeza kidole ukutani. "Sheria ya tatu inasemaje?"

"Nisiweke kitu, mzee. Sijaweka. Iko kwenye flashi. Nikiichomoa, hakuna kinachobaki."

Bosi akamgeukia mama. "Wewe ni mtu wa mahakama. Huyu msichana ameweka ama hajaweka?"

Mama akakunja mikono. "Mimi ni mkalimani, mzee. Hukumu si kazi yangu. Ila nikifasiri maneno yako ya pale ukutani, yanasema kuweka. Hayasemi kuchomeka."

Nilidhani atanifukuza. Nilishaanza kupanga nitakavyomwambia dadangu, na jinsi nitakavyomkumbusha kwamba mambo yote yalianzia kwenye chai yake. Bosi akaketi. Akairudia skrini, akasoma mistari yote kuanzia juu, midomo ikicheza.

"Hivi ndivyo ninavyosikika?"

Alisema kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Utani wote ulinitoka. Nilijibu kwamba si kila siku. Mama akakohoa. Nikasema, basi, karibu kila siku.

"Na mtu akifanya vizuri? Inasema nini?"

"Haisemi kitu, mzee."

"Kwa nini?"

Nilitazama nyama ikipoa. "Sikuwa na mfano wa kunakili."

Huko nje mtu alikuwa akiita jina la wakili wake. Bosi akavuta karatasi ya nyama, akakata kipande, akala, akamsogezea mama, kisha mimi. Tulikula tukiwa tumesimama, sote watatu, kama watu waliotoka mazishini. Alipomaliza akajifuta vidole kimoja kimoja.

"Hilo la milango," akasema, "umelikosea. Mimi sisemi 'Kwenu hakuna milango?' Hivyo nilisema zamani. Siku hizi nasema, 'Huo mlango utafungwa na nani, serikali?' Rekebisha."

Nikarekebisha, vidole vikiteleza kwa mafuta.

"Na hilo la kichwa na kofia ni zuri. Liache." Akafikiri kidogo. "Sasa andika la mtu aliyefanya vizuri. Andika, 'Hongera sana kwa kazi nzuri.' Hapana. Futa. Nani atanijua hapo? Andika, 'Umejitahidi.' Futa." Alitembea hadi mlangoni akarudi. Mama alimtazama kwa makini, kama shahidi anayetafuta neno. Ilimchukua muda mrefu kuliko barua ya mwenyekiti. Hatimaye akasema, bila kunitazama, "Andika: 'Haya. Endelea hivyo hivyo.'"

Niliandika. Nikaiendesha programu ndogo ya majaribio, ikaenda bila kosa, na skrini ikasema: "Haya. Endelea hivyo hivyo." Bosi akaitikia kwa kichwa mara moja, kana kwamba si yeye, akaenda kwenye mashine ya pili kuandika barua yake.

Aliichukua ile flashi kwa wiki nzima, nadhani ili nione adhabu. Aliponirudishia alikuja na kazi. Makarani wa mawakili walikuwa wakiandika majina ya walalamikaji na washtakiwa upya kwenye kila ukurasa wa kila fomu, na jina likikosewa herufi moja mahali pamoja hati inarudishwa. Je, huyo wangu angeweza kuandikiwa majina mara moja, ayapeleke mwenyewe panapohitajika, kwenye ile mashine ya sita iliyozoeana na printa? Nilimwambia ataweza. Ilinichukua siku tatu. Asubuhi ya kwanza printa ya sindano ilipiga kelele mfululizo na fomu zikatoka safi, na karani mmoja akatuuliza tumenunua mashine mpya wapi. Kwenye karatasi ya ukutani, chini ya sheria ya tatu, bosi aliongeza kwa kalamu: ISIPOKUWA KWA RUHUSA. Kuhusu kuchomeka hakusema kitu, na mimi sikuuliza.

Mama ndiye aliyebaki na hamu. Alisema haiwezekani amfundishe mkalimani adabu halafu yeye mwenyewe asijue kumtuma. Nikaanza kumfundisha kila saa saba. Alikuwa mwanafunzi mgumu. Alitaka kila neno lijitetee. Siku ya programu yake ya kwanza alinikataza nisitazame. Aliandika kwa kidole kimoja, mistari mitatu, miwani imeshuka hadi ncha ya pua. Ilimkatalia mara tano, na kila mara alijibizana na skrini kwa lugha tofauti. Mara ya sita ikakubali.

Alikuwa ameiambia iandike jina la mamake na irudie, lakini hakuiambia ikome lini. Jina likaanza kupanda skrini, mstari juu ya mstari, haraka hata usiweze kulishika kwa jicho. Bosi akaja kutoka nyuma, akafungua mdomo. Palikuwa na mtu akiisubiri mashine hiyo, na foleni nyuma yake.

"Ni nani huyo?" akauliza.

"Mamangu," akasema mama. "Hakujua kusoma."

Nikanyoosha mkono kumwonyesha kitufe cha kusimamisha. Akanishika kiganja.

"Mwache kidogo," akasema.

Bosi akamgeukia yule mteja, akamwambia mashine hii ina mtu.